Kosta Imepaki, Maandishi Yanakimbia

Ukisimama pale Kabwe, hapa Mbeya mjini, saa moja asubuhi, kabla ukungu haujaachia mlima Loleza, utaona kama mji mzima umeandikwa na mtu mmoja. Herufi nene, haina vijimkia, imelalia kulia. Jina la kosta, duka la simu, tangazo la mkutano wa injili, jezi za timu ya mtaani, mpaka kibanda cha chipsi ambacho hakijasogea hata hatua moja tangu kijengwe. Vyote vinakimbia. Mi kazi yangu ni kukata stika na kutengeneza mabango hapa Mwanjelwa, kwa hiyo hizo mbio nyingine nimezisababisha mwenyewe na wala sijutii, hii herufi naipenda sana, ila naona wengi tunaitumia kwa mazoea tu, na leo nataka kuiongelea kwa kirefu, kama mambo ya fonti yanakuboa we pita tu hakuna ugomvi.

Tuanze na umbo lenyewe. Hiyo tunayoiita boldi italiki ni mambo matatu yamekaa kwenye herufi moja: unene, mlazo, na kukosa vile vijistari vidogo vya miguuni unavyoviona kwenye Times New Roman, ndo hivyo vijimkia ninavyosema, wenyewe wanaviita serifu. Na haya matatu hayakuanza pamoja hata kidogo. Mlazo ndo mkongwe. Venice, Italia, mwaka 1501, mchapishaji Aldus Manutius alianza kutoa vitabu vidogo vya kubeba mkononi, kitabu kizima kimechapwa kwa herufi za mlazo zilizochongwa na fundi wake Francesco Griffo kwa kuiga mwandiko wa wasomi wa enzi hizo. Kitabu kizima bana! Habari ya kulaza neno moja ili lisikike zaidi ilikuwa bado. Na herufi kubwa walikuwa wanaziacha wima, zinazolala ni zile ndogo tu. Herufi bila vijimkia kwenye chapa zikaja baadaye sana, 1816, London, kwa William Caslon wa nne, herufi kubwa tupu. Unene nao ukashika kasi karne hiyohiyo ya 19 hukohuko Uingereza kwa sababu ya matangazo ya ukutani, kila mtu anagombania jicho la mpita njia, yani shida ileile ya Mwanjelwa ya leo.

Kwenye 1957 ndo mambo yakapangwa kwa akili. Adrian Frutiger, Mswisi aliyekuwa anafanya kazi Paris, akatoa Univers, na badala ya kuipa mitindo yake majina akaipa namba: 55 ni ya kawaida, 56 ni hiyohiyo imelala, 65 nene, 66 nene imelala. Naipenda hiyo 66. Inakuambia kabisa kwamba herufi nene ya mlazo ilikuwa na kiti chake toka mwanzo, haikuja kwa mtu kubonyeza vitufe viwili. Mwaka huohuo Uswisi ikatoka Helvetica ya Max Miedinger, ambayo wakati huo ilikuwa inaitwa Neue Haas Grotesk, na mlazo wa Helvetica tunayoijua ni nyuzi 12. Shika hiyo namba, tutairudia.

Sasa hapa ndo pa kukaa, maana mabango yetu mengi yanaharibikia hapa. Kuna herufi imelala kwa sababu mtu alikaa akaichora ikiwa imelala, na kuna herufi ilikuwa imesimama zake wima kompyuta ikaisukuma begani. Kwa haraka zinafanana. Chukua Impact, ile fonti nene iliyobanana ambayo kila steshenari inayo, aliichora Geoffrey Lee wa Uingereza mwaka 1965. Kwenye Windows inakuja na mtindo mmoja tu, italiki haina. Lakini andika neno kwenye Word, bonyeza ile I, inalala! Aliyeichora ikiwa imelala nani? Hakuna. Programu imeshika kichwa cha herufi imekisogeza kulia, basi, kazi imeisha. Na ukibonyeza B kwenye fonti ambayo haina nene yake, inaongezewa unene wa kubandika tu mpaka matundu yanaanza kuziba.

Ukitaka kuuona ubaya wake andika O moja ya fonti yoyote nene, ikuze ijae skrini, halafu isukume. Angalia bega la juu kulia na chini kushoto, pamevimba. Angalia juu kushoto na chini kulia, pamekonda. Siyo macho yako, ni hesabu: sehemu ya mduara inayoelekea kule kunakosukumwa inavutwa, inarefuka, inakonda, na sehemu inayokatiza inabanwa, inafupika, inanenepa. Miguu iliyosimama ya H na m nayo inakonda. Kwa nyuzi 12 unapoteza kama asilimia 2 ya unene, hiyo jicho linasamehe, ila vijana wengi wanalaza nyuzi 20 ili gari lionekane lina spidi, na hapo mguu umepoteza kama asilimia 6 wakati mistari ya juu na chini ya E imebaki na unene wake uleule. Kwenye herufi nyembamba unaweza usigundue. Kwenye nene kuna nyama ya kutosha kuharibika, kwa hiyo inaonekana.

Mchoraji anayejua kazi haishii hapo. Anarudi kwenye ile O anapunguza huku anaongeza kule, anapunguza unene pale bega linapotoka kwenye mguu wa n na m ili pasijae weusi, anafungua matundu ya a na e kidogo zaidi ya anavyodhani yanatosha. Ndo maana ukiziweka jirani, ya kuchorwa imetulia na ya kusukumwa unaona tu kuna kitu hakijakaa sawa hata kama huwezi kukitaja. Wazee waliokuwa wanapaka rangi bodi za malori kabla ya plota, hii mashine ya kukatia stika, hawakuwa na shida hii kabisa, walikuwa wanapiga mistari ya mlazo kwa chaki na rula halafu kila herufi wanaijenga kwa brashi humo ndani ikiwa tayari imelala, hakukuwa na kitu cha kusukuma. Kuna malori mabovu yamepaki njia ya Tunduma bado yana maandishi hayo, rangi imepauka ila O zake nzuri kuliko zetu wote wenye kompyuta.

Kwenye stika huu uzembe unakula hela. Plota inakata mstari iliopewa, uzuri haiujui. Ikimaliza mimi ndo nakaa na wembe na sindano kung'oa visivyotakiwa, na vinavyosumbua ni vile vya ndani ya matundu, a, e, o, 8. Fonti iliyonenepeshwa na programu inakuachia tundu la e kama punje ya ulezi, unachomeka ncha ya sindano taratibu, unavuta, linatoka tundu pamoja na daraja la katikati la e, herufi imekufa hiyo, kata upya. Halafu kuna kona. Herufi iliyolala sana ina kona kali mbili, chini kushoto na juu kulia, na hizo ndo za kwanza kubanduka gari likipigwa maji ya presha, vumbi likishaingia chini ya gundi hata ukipapasa na kitambaa hairudi. Juni na Julai ndo balaa kabisa, kwa baridi ya hapa gundi haikamati bati mpaka upashe kwa draya ya saluni, na kona kali zinataka kupashwa mara mbili. Kwa hiyo mimi mlazo wangu wa gari hauzidi nyuzi 12, mteja akitaka zaidi namwambia bei inapanda, na wengi hapo wanagundua kwamba 12 zinatosha.

Ila kuna jambo kubwa kuliko hilo la kona, na wengi wanaokaa vituoni kila siku hawajawahi kuliangalia. Mlazo wa kulia unaonekana una mwendo kwa sababu tunasoma kutoka kushoto kwenda kulia, herufi inaegemea kule jicho linakoelekea. Sawa. Sasa Tanzania tunaendesha kushoto, mlango wa abiria uko kushoto, kwa hiyo abiria aliyesimama kituoni anaangalia ubavu wa kushoto wa gari. Simama hapo alipo yeye. Pua ya gari iko mkono wako upi? Wa kushoto. Na herufi zimelalia wapi? Kulia, kwenye mkia. Gari linaenda Uyole, maandishi yake yanaegemea Mafiat! Ubavu wa dereva ndo unaokaa vizuri, herufi na gari njia moja, lakini ule wanausoma wanaopishana nalo barabarani kwa sekunde mbili. Kwa wenzetu wanaoendesha kulia, Marekani, Ufaransa, mlango uko upande mwingine, kwa hiyo kituoni kwao mambo yako sawa kabisa. Sisi na Waingereza ndo imetuangukia.

Dawa yake kwenye karatasi ni rahisi, ubavu wa mlango unalaza herufi kushoto. Nikamwambia hivyo mama mmoja mwenye kosta za kwenda Tukuyu, nikamgeuzia skrini.

"Mama, huu upande wa mlango tuzilaze hivi, zifuate gari."

Akaangalia, akainamisha kichwa, akasogea karibu. "Mwanangu, mbona zinaanguka?"

"Hazianguki mama, zinaenda mbele, mbele ya gari si huku."

"Mimi naona zinaanguka. Na abiria naye ataona zinaanguka. Gari la kupanda Igawilo na mvua zile, niliandikie maandishi yanayoanguka?"

Nikajaribu kumweleza habari ya pua ya gari, akanisikiliza kwa heshima zote, halafu akasema, "Nimekuelewa. Sasa niwekee yanayosimama."

Na unajua alikuwa na hoja. Jicho limezoea mlazo mmoja tu maisha yake yote, shuleni, kwenye Biblia, kwenye simu, ukiligeuzia linakataa kabla akili haijaelewa. Tukaishia hivi: ubavu wa mlango jina limesimama wima, nene, kubwa, na chini yake mistari mitatu ya rangi imelalia mbele ya gari, kwa sababu mistari haisomwi kwa hiyo inaweza kulalia popote na hakuna atakayesema inaanguka. Ubavu wa dereva ndo tukaweka italiki. Ile kosta ikipaki pale Uyole naiona imekaa vizuri kuliko mabasi makubwa ya mikoani yaliyoandikwa kwa hela nyingi, na wazo la mistari lilikuwa langu ila la kusimamisha jina ni la mama.

Ramani nyingi nazo zinatumia mlazo kwa akili hiyohiyo, maji yanaandikwa kwa herufi za mlazo na miji inasimama wima. Fungua atlasi uangalie Ziwa Nyasa na Kyela uone.

Tukija kwenye nguo, ingia mitumba ya Sido hapa utakutana na fulana za Supreme mpaka uchoke, nyingi feki na hakuna anayejali. Lile neno jeupe limelala ndani ya kisanduku chekundu ni Futura nene ya mlazo. Futura aliichora Mjerumani Paul Renner, ikatoka 1927, ya bikari na rula, O yake karibu duara kamili, kwa hiyo ukiisukuma vibaya ndo inasema kuliko zote. Supreme lilifunguliwa New York mwaka 1994 kama duka la vijana wa skeitibodi, lakini kile kisanduku chekundu chenye herufi hizo kilikuwa kimeshajulikana, maana msanii wa Marekani Barbara Kruger toka miaka ya 1980 alikuwa anabandika sentensi zake kwa Futura nene ya mlazo, nyeupe kwenye nyekundu, juu ya picha nyeusi na nyeupe. Kabla ya hapo alikuwa ametengeneza kurasa za magazeti ya mitindo, sauti ya tangazo aliijua kutoka jikoni, akaichukua akaitumia kuwahoji walewale wanaotangaziwa. Halafu ikarudi ikawa nembo ya kuuzia fulana. Hiyo duru yote inachekesha ila ukiangalia kilichoifanya ifanye kazi kwa wote wawili ni kilekile: maneno machache, rangi mbili, na nafasi. Nembo ya Visa kwenye mashine ya kutolea hela ni hivyohivyo, herufi nne zimelala, pembeni hakuna fujo.

Sisi sasa. Mtu anakuja na bango la mita mbili kwa moja anataka jina la duka, bidhaa kumi na nne, namba tatu za simu, mstari wa Zaburi na "Karibuni Wote", vyote nene, vyote vimelala, na kivuli juu yake. Kukiwa hakuna hata kimoja kilichosimama, mlazo wa nani utaonekana? Magazeti ya michezo yanafanya hivi ukurasa wa mbele na naelewa sababu yake, yananing'inia kwa muuza magazeti yamebanana na yanasomwa na watu ambao hawana mpango wa kununua, yana sekunde moja tu ya kukupiga. Duka lako halining'inii. Kanga imetulia miaka yote na jina lake la herufi kubwa zilizosimama wima, na ujumbe unafika kwa mlengwa bila shida, mwendo anauleta mvaaji.

Jambo lingine ni hii lugha yetu, imejaa a. Angalia tu neno barabara. Sasa kuna italiki ambazo zikilala zinabadilisha umbo la a ndogo, ile yenye paa juu inakuwa duara lenye kijiti pembeni. Gill Sans ya Eric Gill, ya 1928, iko hivyo, na kwenye kitabu inapendeza kweli. Lakini ifanye nene, ibandike juu ya duka, uvuke barabara uangalie na jua linakupiga: kale kajiti kanamezwa, a imekuwa o, "duka la dawa" linasomeka "duko lo dowo". Mwingereza shida hii haimpati kama inavyotupata sisi kwa sababu a zake hazifuatani hivi. Mi nikichagua italiki nene ya bango la Kiswahili kitu cha kwanza kuangalia ni paa la a, cha pili tundu la e, mengine baadaye. Na za bure zilizochorwa vizuri zipo, Google Fonts ipo toka 2010 na leseni zake zinakuruhusu kufanyia biashara, Montserrat kwa mfano ina nene ya mlazo ya kwake kabisa na a yake haivui paa. Hiyo Montserrat aliianzisha Julieta Ulanovsky wa Buenos Aires kutokana na mabango ya zamani ya mtaa wake, mtaa wenyewe ndo unaitwa Montserrat. Nikipita kwenye yale malori ya njia ya Tunduma huwa namuwaza sana huyo dada.

Niliache la mabango, maana kuna matumizi mengine ya herufi hii ambayo hayana fonti kabisa na yako mkononi mwako sasa hivi. Zile herufi watu wanazoweka kwenye status na kwenye majina ya Instagram, hivi: 𝙈𝙗𝙚𝙮𝙖. Unaingia kwenye kitovuti fulani, unaandika jina lako, unakopi, unapesti. Zile si herufi za kawaida zilizolazwa, ni alama za hisabati. Mwaka 2001, kwenye toleo la 3.1 la Unicode, ile orodha ya dunia nzima inayoipa kila herufi namba yake kwenye kompyuta, waliingiza kundi zima la alama hizo, na humo kuna A mpaka Z kubwa na ndogo, jumla 52, nene za mlazo zisizo na vijimkia. Sababu ni kwamba kwenye fizikia na uhandisi umbo la herufi lina maana, x nyembamba na x nene ni vitu viwili tofauti, na kwa kanuni za ISO, shirika la viwango la kimataifa, tensa, yani kiasi cha hesabu kinachoeleza vitu kama mkazo, inaandikwa kwa mtindo huuhuu, nene, mlazo, bila vijimkia. Wanaosoma uhandisi pale MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha hapa Mbeya, wanajua ninachosema. Yani zilitengenezwa kwa ajili ya mkazo ndani ya nguzo ya daraja, zikaishia kwenye "Nimebarikiwa Kuliko Kawaida".

Waliopanga lile kundi hawakuweka tarakimu za mtindo huo, ndo maana mtu akipitisha tangazo lake kwenye hivyo vitovuti maneno yanalala na namba ya simu inabaki imesimama. Simu za zamani zinaonesha viboksi. Na mtu akilitafuta jina la duka lako kwa herufi za kawaida kuna sehemu halitatokea, kwa mashine hilo siyo jina.

Kwenye kwaya yetu kuna kaka mmoja haoni, meseji anasomewa na TalkBack, programu ya simu inayosoma maandishi kwa sauti. Katibu wetu, dada mmoja mwenye upendo sana na mapambo, akatuma kwenye grupu tangazo la mazoezi, Jumamosi saa 10 kanisani, lote kwa hizo herufi. Simu ya kaka ikatamka kumi. Ikanyamaza. Akairudia, kumi. Akampigia katibu: "Dada, kumi nini?"

Nikaeleza kwenye grupu habari ya alama za hisabati, wengine wakacheka, katibu akaandika, "Samahani sana kaka angu, matangazo nitaandika kawaida. Ila lile la harusi naliacha vilevile, lile ni la kupendeza."

Kaka akajibu kwa voisi: "Kwa hiyo mimi harusini siendi?"

Katibu akarekodi voisi la dakika nne, na rangi za sare zote akazitaja.